Upinde Juu ya Zambezi: Daraja Moja na Njia ya Shaba

Dar es Salaam ni mji wenye reli za vipimo vitatu. Reli ya Kati, iliyoanzwa na Wajerumani, ina upana wa mita moja kamili. Reli mpya ya umeme ina milimita 1,435. Na TAZARA, ambayo stesheni yake iko kwenye Barabara ya Nyerere, ina milimita 1,067. Ndiyo maana mzigo unaotoka Reli ya Kati kwenda Zambia haupiti moja kwa moja. Hushushwa Kidatu, mkoani Morogoro, ukapakiwa upya kwenye mabehewa mengine. Wachina waliojenga TAZARA kwao hutumia milimita 1,435. Watanzania walikuwa na mita yao moja. Kipimo hiki cha tatu basi kilitoka wapi?

Kilitoka kusini. Kilianzia Cape, kikapanda hadi Bulawayo, kikavuka Mto Zambezi juu ya daraja moja la chuma lililofunguliwa mwaka 1905, karibu kabisa na Maporomoko ya Victoria. Zambia ilikirithi kipimo hicho, na TAZARA ikalazimika kukifuata ili mabehewa ya Zambia yafike baharini bila kubadilishwa.

Daraja hilo limesifiwa sana katika vijitabu vya utalii, na sifa zake nyingi ni za haki. Lakini picha za upinde wa mvua na manyunyu zimeficha jambo la maana zaidi. Historia ya daraja hili inaeleweka vizuri pale mtu anapouliza, kwa kila kipindi, nani alikuwa na uwezo wa kulifunga.

Swali hilo lilikuwepo hata kabla ya chuma kufika. Katika karne ya 19, mgeni aliyetaka kuvuka Zambezi ya juu alipitia Kazungula, magharibi ya maporomoko, na hapo hakuvuka mpaka apate ruhusa ya Walozi. Mitumbwi ilikuwa yao, na ufalme wao ulijua thamani ya kivuko. Mfanyabiashara angeweza kukaa ng'ambo wiki nyingi akingoja jibu kutoka kwa mfalme. Baadaye walowezi wa Kizungu walipoongezeka, kivuko kingine kikapata nguvu kilomita chache juu ya maporomoko, mahali palipoitwa Old Drift, nao wakajenga makazi yao kando ya maji. Malaria iliwaua mmoja baada ya mwingine, na mwaka 1905 makazi yale yalihamishiwa kwenye kilima kikavu. Huo ndio mji wa Livingstone.

Waongoza watalii hupenda kusimulia kwamba Cecil Rhodes ndiye aliyepachagua mahali pa daraja, kwa kuwa alitaka manyunyu ya maporomoko yawalowanishe abiria wa treni yake ya Cape hadi Cairo. Rhodes alikuwa na ndoto hiyo kweli, lakini alifariki tarehe 26 Machi 1902 bila kuyaona maporomoko hata mara moja. Na isingekuwa makaa ya mawe, huenda treni isingepita huko kabisa. Mpango wa awali ulikuwa kuipeleka reli mashariki zaidi, upande wa Kariba. Makaa yalipogunduliwa Hwange, wakati ule ikiandikwa Wankie, reli ikageuzwa kuyafuata, ikafika machimboni mwaka 1903, na kutoka hapo maporomoko hayakuwa mbali tena. Aprili 1904 reli ilifika ukingo wa korongo, ikakwama.

Mahali penyewe panatisha. Zambezi ikishaanguka hujibana katika korongo jembamba lenye kuta za mwamba mweusi wa basalti, na chini yake maji huzunguka kwenye dimbwi kubwa ambalo kwa Waleya, watu wa Chifu Mukuni wanaoishi upande wa kaskazini, ni mahali pa ibada. Kusimamisha nguzo ndani ya maji yale hakukufikirika. Wasanifu wa kampuni ya Sir Douglas Fox huko London, wakiongozwa na George Hobson, waliamua kwamba kuta za korongo zenyewe ndizo zitakazobeba daraja. Mahesabu ya nguvu katika kila kipande yalifanywa na kijana aliyekuwa bado hajatimiza miaka 25, Ralph Freeman. Miaka kama 20 baadaye Freeman alishiriki usanifu wa daraja la Bandari ya Sydney, Australia, lililofunguliwa mwaka 1932, na anayeyatazama madaraja yote mawili hahitaji kuambiwa kwamba ni ndugu.

Umbo lake ni upinde wa kenchi. Fundi yeyote aliyepaua nyumba kwa bati anaijua siri yake: mbao nne zilizofungwa kuwa mstatili hulala upande zikisukumwa, bali tatu zilizofungwa kuwa pembetatu hazisogei mpaka moja ivunjike. Daraja la kenchi ni pembetatu za chuma zilizounganishwa moja baada ya nyingine, na kila kipande kina kazi moja tu, ama kuvutwa ama kubanwa. Kwa hiyo chuma kidogo hubeba mzigo mkubwa, na upepo hupita katikati bila kukuta ukuta wa kuusukuma. Hapo Zambezi, kenchi hizo zilikunjwa kuwa upinde. Katikati, upinde una kimo cha mita 4.6 tu, kwenye miguu yake unafikia mita 32. Miguu hiyo haikugandishwa kwenye mwamba. Imekalia bawaba kubwa za feleji, ili upinde uweze kunyanyuka kidogo jua linapoupasha moto na kushuka usiku unapopoa. Treni inapopita, uzito wake unashuka kupitia pembetatu, unafuata upinde, na hatimaye unazisukuma kuta za korongo kwa nje. Nafasi inayorukwa na upinde ni mita 156.5, daraja zima lina urefu wa mita 198, na kutoka reli hadi mtoni ni mita 128.

Kazi ya ujenzi ilichukuliwa na Cleveland Bridge, kampuni ya mji wa Darlington, Uingereza. Vipande vyote vilikatwa na kutobolewa kule kule, vikapakiwa melini hadi Beira, kisha vikasafiri kwa treni kupitia Salisbury, yaani Harare ya leo, na Bulawayo. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Mfaransa, Georges Imbault. Tatizo lake la kwanza lilikuwa dogo kulieleza na gumu kulitatua: atafikishaje hata uzi mmoja ng'ambo ya pili? Alitumia roketi. Roketi ilibeba uzi, uzi ukavuta kamba, kamba ikavuta waya, na waya ukavuta kebo nene ambayo juu yake ulitembea mtambo wa umeme wenye uwezo wa kuning'iniza tani 10. Kwa mtambo huo nusu ya daraja ilivushwa hewani ili ikajengwe kuanzia kaskazini. Mataluma na reli vilivushwa pia, na hata kichwa kidogo cha treni kilifunguliwa, kikavushwa vipande, kikaungwa tena. Reli ya kaskazini ikaanza kutandikwa huku daraja lenyewe bado halijakutana.

Mafundi wa Kizungu walikuwa wachache. Waafrika walikuwa wengi zaidi, na wao ndio waliobeba, waliochimba na walioning'inia. Inasimuliwa kwamba chini ya upinde palitandazwa wavu mkubwa wa usalama, na badala ya kuwatuliza wafanyakazi ukawatia hofu, kwa kuwa mtu aliyewekewa wavu ameambiwa kwamba anatarajiwa kuanguka. Kisa hicho kikiwa kweli au kimetiwa chumvi, wahandisi wa madaraja bado wanakisimulia.

Nusu mbili za upinde zilikua kuelekeana bila kitu chochote chini yake. Zilishikiliwa kwa nyuma na kebo za feleji zilizozungushwa katika mahandaki yaliyochimbwa ndani ya mwamba, na kadiri vipande vilivyoongezwa mbele ndivyo kebo zilivyozidi kukaza. Mwisho wa Machi 1905 ncha zilikaribiana. Kipande cha kufungia kilipojaribiwa, kikagoma: chuma kilikuwa kimezidi kwa zaidi kidogo ya inchi moja, kwani jua la mchana lilikuwa limekirefusha. Hakuna aliyekata chuma. Waliacha usiku ufanye kazi yake. Alfajiri ya tarehe 1 Aprili, kukiwa bado kuna baridi na manyunyu, chuma kilikuwa kimesinyaa na kipande kikaingia mahali pake. Ukweli ni kwamba ushindi wa asubuhi ile ulikuwa wa karatasi. Kijana aliyekaa mezani London, na mafundi waliotoboa matundu Darlington, walikuwa wamepatia kipimo cha vitu vilivyokuja kukutana maelfu ya kilomita kutoka kwao.

Tarehe 12 Septemba 1905 daraja lilifunguliwa rasmi na Profesa George Darwin, mtoto wa Charles Darwin, aliyekuja Afrika Kusini na msafara wa wanasayansi wa Uingereza akiwa rais wa chama chao. Ndoto ya Rhodes ilikuwa Cairo. Reli haikufika Cairo, wala haikukaribia. Ilikokwenda ni kwenye madini. Mwaka 1906 ilivuka Mto Kafue juu ya daraja jingine la kenchi, refu kuliko hili lakini la chini na la kawaida, ikafika Broken Hill, ambayo sasa ni Kabwe, penye risasi na zinki. Mwishoni mwa 1909 iligusa mpaka wa Kongo, na mwaka uliofuata ikaingia Elisabethville, yaani Lubumbashi. Tangu hapo shaba ya Katanga, iliyochimbwa na watu ambao mji wao ungekuja kuwa na Kiswahili chake wenyewe, ikawa inashuka kusini, inavuka Zambezi na kuishia Beira. Makaa ya Hwange yalipanda kwa njia hiyo hiyo kwenda kuyeyusha shaba. Treni ile haikurudi tupu upande wowote, na hilo ndilo lililolipa gharama za daraja, si watalii.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, walinzi waliwekwa darajani, maana Wajerumani walikuwa karibu, katika ule mkono mwembamba wa ardhi unaoitwa Caprivi. Shambulio halikuja. Daraja lilibadilishwa na uzito, si risasi. Mwanzo lilikuwa na njia mbili za reli. Treni zilipozidi kuwa nzito na magari yakaanza kuzoeleka, kati ya 1929 na 1930 sakafu yake ilinyanyuliwa na kupanuliwa, njia moja ya reli ikaondolewa, na nafasi ikapatikana kwa barabara na waenda kwa miguu. Upinde wenyewe ulibaki ule ule wa Hobson na Freeman.

Kwa miaka 60 swali la nani alifunge halikuulizwa, kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa chini ya bendera moja. Liliamka usiku mmoja tu. Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith, kusini ya mto, huko Rhodesia, ilijitangazia uhuru wake. Ghafla nchi iliyoishi kwa shaba ikagundua kwamba karibu shaba yake yote, makaa yake na mafuta yake vilipita kwenye reli inayoshikwa na adui. Kwa taifa la mwaka mmoja huo ni mzigo mzito kuliko ule aliouhesabu Freeman.

Zambia ilijinyakulia ilichoweza. Ndege zilibeba mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam. Malori yalishika barabara ya vumbi na matope kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma, yakipanda na mafuta na kushuka na shaba. Ajali zilikuwa nyingi mno, na njia ile ikapewa jina la jehanamu. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA lilianza kupeleka mafuta Ndola, kilomita 1,710. Zambia ikafungua machimbo yake ya makaa huko Maamba ili isitegemee Hwange.

Na reli? Wataalamu wa Magharibi walioulizwa walisema haitalipa, kwani njia ya kusini ilikuwepo tayari. Kwa hesabu za kibiashara huenda walikuwa sahihi. Ila hesabu yao haikuwa na safu ya mtu mwenye kufunga daraja. Mwalimu Nyerere alikwenda Beijing mwaka 1965, mkataba wa nchi tatu ukasainiwa mwaka 1967, na China ikatoa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970, ukapita Mlimba na Makambako kwa madaraja na mahandaki, na Julai 1976 kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi zilikabidhiwa kwa Tanzania na Zambia. Kipimo: milimita 1,067.

Wakati kazi ikiendelea, Smith aliwapa hoja waliotaka reli hiyo. Januari 1973 aliufunga mpaka ili kuiadhibu Zambia kwa kuwahifadhi wapigania uhuru, akaacha upenyo kwa shaba tu, maana mapato ya kuisafirisha aliyataka. Rais wa Zambia, Kenneth Kaunda, akaukataa upenyo huo. Smith alipobadili nia baada ya wiki chache na kutangaza kwamba mpaka uko wazi, Kaunda akasema kwake umefungwa. Hapo mambo yakawa yamegeuka: aliyezoea kushika ufunguo alikuta kufuli la pili upande wa pili wa mlango.

Kisa cha ajabu kuliko vyote kilitokea darajani penyewe mwezi Agosti 1975. Kaunda na John Vorster, waziri mkuu wa Afrika Kusini, walikuwa wamewasukuma Smith na viongozi wa African National Council wakutane. Smith hakutaka mazungumzo nje ya Rhodesia. Wapigania uhuru, wengine wakiwa wanatafutwa na polisi wa Smith, hawakutaka kuingia ndani. Dawa ikawa behewa la reli za Afrika Kusini, likasukumwa hadi katikati ya daraja na kusimamishwa juu ya mpaka. Smith akaketi upande wake wa meza, akiwa bado nchini mwake. Askofu Abel Muzorewa, Joshua Nkomo, Ndabaningi Sithole na wenzao wakaketi upande wa Zambia. Chini yao kulikuwa na mita 128 za hewa. Mkutano ulivunjika upesi, kwa suala ambalo behewa lilikuwa limekwepa kwa muda tu: wawakilishi wa wapigania uhuru walidai wahakikishiwe usalama watakapokwenda kuendelea na mazungumzo ndani ya Rhodesia, na Smith alikataa. Vita iliendelea, na Zimbabwe ikapatikana mwaka 1980.

Kabla ya hapo daraja lilimtesa Kaunda mara moja zaidi. Reli ya Benguela, njia ya magharibi kupitia Angola, ilikatwa na vita mwaka 1975. Bandari ya Dar es Salaam ilijaa mizigo hadi pomoni, na TAZARA, ikiwa changa na upungufu wa vichwa vya treni, haikuweza kubeba yote. Msimu wa kupanda mwaka 1978 ulikaribia wakati mbolea ya Zambia ingali mbali. Oktoba mwaka huo Kaunda alitangaza kwamba treni zitapita tena njia ya kusini. Nyerere na Samora Machel wa Msumbiji hawakufurahi, na kwa upande wao walikuwa na haki: Tanzania ilikuwa imejinyima kwa ajili ya njia nyingine, na Msumbiji ilikuwa imefunga mpaka wake na Rhodesia mwaka 1976 kwa hasara kubwa. Lakini mkulima wa Zambia hakuweza kupanda mahindi kwa mshikamano peke yake. Anayemlaumu Kaunda kwa uamuzi ule na akae kwanza na kalenda ya mvua mkononi.

Leo daraja ni la biashara ndogo na miguu. Wanawake huvuka na mabegi ya bidhaa kati ya Livingstone na Victoria Falls, wauza vinyago hufuata wageni, na katikati pana jukwaa ambapo watalii hulipa dola ili wafungwe kamba miguuni na kujirusha mita 111. Desemba 31 mwaka 2011 kamba ya msichana mmoja kutoka Australia ilikatika. Alianguka mtoni miguu ikiwa bado imefungwa, akaogelea, akapona. Treni bado hupita, polepole.

Malori mazito yamepata njia nyingine, na njia hiyo imerudi mahali ambapo Walozi waliwangojesha wageni. Huko Kazungula, kwa miaka mingi, pantoni ilivusha malori machache kwa wakati mmoja, na madereva walizoea kulala siku kadhaa kwenye foleni. Tarehe 10 Mei 2021 lilifunguliwa daraja la mita 923 linaloiunganisha Zambia na Botswana, lenye barabara na nafasi ya reli katikati. Kuvuka kwa mstari ulionyooka kungekuwa rahisi zaidi. Ila mipaka ya nchi nne inakaribiana pale, na mstari ulionyooka ungegusa ardhi ya Zimbabwe, ambayo haikuwa mshirika wa mradi. Wahandisi wakalikunja daraja juu ya maji, likaikwepa Zimbabwe.